Jinsi ya kukadiria kwa mkono gesi inayotoka kwenye kidonge cha urani nguvu ya kinu inapopandishwa

Mtoto wa kaka yangu anasomea uhandisi wa nyuklia Korea Kusini, na kila baada ya wiki mbili hunipigia simu. Mwezi uliopita alianza hivi: "Shikamoo shangazi. Programu inasema asilimia 4 ya gesi imetoka. Nitajuaje kama ni kweli?" Nikamwambia achukue karatasi na kalamu. Tulikaa kwenye simu karibu saa mbili, yeye akiandika kule, mimi na kikokotoo mezani jikoni kwangu Nyköping, na mwishowe akaniomba nimwandikie yote kwa utaratibu. Nimemwandikia yeye, na kijana mwingine yeyote wa kwetu aliyeingia kazi hii na ambaye hana mtu wa kumpigia simu.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, na hesabu za fueli ya nyuklia nimezifanya Uswidi kwa miaka 19. Katika miaka hiyo yote sijaamini jibu la kompyuta kabla sijalikaribia kwanza kwa mkono. Hesabu ya mkono haikupi jibu la mwisho. Inakuonyesha jibu linapaswa kukaa wapi, na programu ikitoa namba iliyo mbali na hapo, unajua kuna kitu cha kutafuta.

Kwanza ujue unahesabu nini. Kila viini 100 vya urani vikipasuka huacha kama atomi 30 za gesi, nyingi zikiwa zenoni na chache kriptoni. Gesi hizi haziungani na kitu chochote ndani ya fueli. Huzaliwa ndani ya punje za oksidi ya urani (punje ndizo zinazounda kidonge, na vidonge hupangwa ndani ya ganda la chuma kuwa fimbo), na kinu kikienda kwa nguvu yake ya kila siku nyingi hubaki humo humo zimefungiwa. Nguvu ikipanda, moyo wa kidonge unapata moto, atomi zinaanza kutangatanga, zinafika kwenye mpaka kati ya punje na punje, zinajikusanya kuwa viputo, viputo vinaungana kuwa vijia, na gesi inapata njia ya kutoka hadi kwenye nafasi tupu ndani ya fimbo. Ikifika hapo inafanya mambo mawili: inaongeza shinikizo, na inaichafua heli iliyojazwa kiwandani. Heli hupitisha joto vizuri. Zenoni hupitisha chini ya moja ya ishirini ya heli. Kwa hiyo joto linakwama ndani, kidonge kinazidi kupata moto, gesi inazidi kutoka.

Tuchukue fimbo ya kawaida ya kinu cha maji yenye shinikizo, aina inayopangwa 17 kwa 17. Kidonge kina kipenyo cha milimita 8.2. Ganda la aloi ya zirkoni lina kipenyo cha nje milimita 9.5 na unene wa milimita 0.57. Urefu wenye fueli ni mita 3.66. Tuseme fimbo imekwishatoa megawati-siku 40 kwa kila kilo ya urani (huo ndio tunauita uchomaji wake), ikiwa imekaa kwenye kilowati 18 kwa mita, na sasa nguvu yake inapandishwa hadi kilowati 35 kwa mita na kukaa hapo saa moja. Huo ni mpando mkubwa kuliko fimbo nyingi zitakavyowahi kuuona kazini, lakini ni wa aina iliyofanyiwa majaribio mengi kwenye kinu cha R2 kule Studsvik, si mbali na ninapoishi, hadi kilipofungwa mwaka 2005.

Joto linatafutwa kutoka nje kwenda ndani. Maji yako kwenye nyuzi 320 za Selsiasi. Utando wa maji unaogusa ganda unaongeza nyuzi 33 hivi, ukichukua wati 35,000 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi. Ukuta wa ganda wenyewe unaongeza 45, kwa upitishaji joto wa wati 16 kwa mita kwa nyuzi. Upenyo kati ya ganda na kidonge ndio mgumu, kwa sababu hapo ndipo gesi inapokuja kuharibu mambo. Kwa kuanzia chukua wati 10,000 kwa mita ya mraba kwa nyuzi, upate nyongeza ya nyuzi 136. Uso wa kidonge basi uko kwenye nyuzi 534.

Sasa ingia ndani. Gawanya nguvu kwa mita kwa 4π, kisha gawanya kwa upitishaji joto wa oksidi. Kidonge kipya kingekupa namba nzuri zaidi, lakini hiki kimechoka: mazao ya mpasuko yamejazana ndani ya fuwele na kuzuia joto lisipite. Kwa uchomaji huu na kwa joto hili mimi hutumia wati 2.1 kwa mita kwa nyuzi. Wati 35,000 ukigawa kwa 12.57 unapata 2,785. Gawa tena kwa 2.1 unapata 1,326. Jumlisha na uso: katikati ya kidonge ni nyuzi 1,860. Rudia hesabu hiyo kwa kilowati 18, ukitumia 2.4 kwa kuwa kidonge kiko baridi zaidi, utapata karibu 1,030.

Je, hizo ni nyingi au chache? Kuna mstari wa kupimia. Carlo Vitanza na wenzake waliutoa kwenye vipimo vya kinu cha Halden, Norwe, kilichofanya kazi kuanzia 1959 hadi 2018. Mstari huo unasema joto la katikati ambalo gesi iliyotoka inafikia asilimia 1 ni 9,800 ukigawa kwa logi asilia ya uchomaji uliogawanywa kwa 0.005. Angalia kipimo: uchomaji hapo ni kwa kilo ya oksidi, si kwa kilo ya urani, kwa hiyo 40 yetu inakuwa 35. Jibu ni nyuzi 1,106. Fimbo yetu ilikuwa chini kidogo ya mstari maisha yake yote, yaani karibu gesi yake yote bado imo ndani. Mpando unaichukua na kuiweka nyuzi 750 juu ya mstari. Hii ndiyo hali ya kuogopa: ghala limejaa, na mlango unafunguliwa mara moja.

Mstari wa Halden lakini hauna saa ndani yake. Ulitengenezwa kwa fimbo zilizokaa muda mrefu kwenye joto. Kwa mpando wa saa moja unahitaji hesabu yenye muda, na ya kale kuliko zote bado ndiyo ya kuanzia. Booth aliiandika Chalk River, Kanada, mwaka 1957. Aliichukulia punje kuwa mpira mdogo, akauliza ni sehemu gani ya atomi zilizomo itakuwa imefika usoni baada ya muda fulani:

f = 6√(Dt/πa²) − 3Dt/a²

Hapa a ni nusu kipenyo cha punje, chukua mikromita 5; t ni muda kwa sekunde; D ni kasi ya usambaaji wa atomi za gesi ndani ya oksidi. Kwa D tumia 7.6 × 10⁻¹⁰ mara e kwa kipeo cha −35,230/T, T ikiwa ni joto, upate mita za mraba kwa sekunde. Ukishuka chini ya nyuzi 1,400 hivi mnururisho wenyewe nao unazisukuma atomi na fomula hii inapungukiwa, lakini sehemu kubwa ya gesi ya mpando haitoki huko.

Mtoto wa kaka alikwama mahali pawili hapa, na ni pale pale wengi wanapokwama. Kwanza, aliandika 4 badala ya 6. Vitabu vina fomula zote mbili. Yenye 4 ni ya gesi inayozaliwa polepole wakati huo huo unaohesabu. Yenye 6 ni ya gesi iliyokwisha kuwamo tangu mwanzo, na kwenye mpando wa saa moja karibu yote ni hiyo. Pili, aliweka T kwa Selsiasi. Fomula inataka kelvini. Hatari ya kosa hili ni kwamba halipigi kelele. Kwa katikati ya kidonge chetu, kelvini 2,133 zinatoa asilimia 27 kwa saa moja. Ukiweka 1,860 unapata asilimia 8. Asilimia 8 inaonekana jibu la heshima kabisa, na utaendelea nayo hadi mwisho wa ripoti bila mtu kushtuka.

Sasa lile ambalo ningetaka mlikumbuke hata mkisahau mengine yote: usichukue wastani wa joto kabla ya kuhesabu gesi. Gawa kidonge kwanza, hesabu kila sehemu, halafu ndipo uchukue wastani wa gesi.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa mpando kama huu nikadirie. Nilichukua wastani wa joto la kidonge, nikauingiza kwenye fomula ya Booth, nikaandika asilimia 0.7, nikapeleka. Mzee mmoja aliyekuwa karibu kustaafu hakuniambia nimekosea. Aliweka juu ya karatasi yangu picha ya kidonge kilichokatwa kati na kung'arishwa baada ya jaribio. Katikati palikuwa na duara jeusi, lililojaa vitobo. Nje ya duara, oksidi ilikuwa kama haikuguswa na kitu. "Wastani wako uko wapi hapa?" akaniuliza. Sikuwa na pa kuonyesha. Nilipokuwa mdogo nilipepea jiko la makaa kila jioni, najua kaa la katikati likiwa jekundu lile la ukingoni bado unaweza kulishika. Nilikuwa nalijua jambo hilo kwa mikono yangu, na sikulitumia.

Kugawa ni kazi nyepesi ukichagua pete zenye eneo sawa. Joto ndani ya kidonge linashuka takriban kwa mraba wa umbali kutoka katikati, kwa hiyo pete tano zenye eneo sawa zinapata tofauti ya joto kwa hatua sawa: 0.9, 0.7, 0.5, 0.3 na 0.1 ya ile 1,326, kila moja ikijumlishwa na 534. Huhitaji kupima nusu kipenyo cha pete yoyote. Kutoka ndani kwenda nje unapata nyuzi 1,727, 1,462, 1,197, 932 na 667.

Ongeza 273 kwa kila moja, ingiza kwenye fomula kwa sekunde 3,600. Pete ya ndani inatoa asilimia 16. Ya pili asilimia 4.3. Ya tatu asilimia 0.7. Ya nne 0.05, na ya nje si kitu. Jumlisha, gawa kwa tano: asilimia 4.2. Ile pete ya tatu ndiyo wastani wa joto, ndiyo 0.7 yangu ya mwaka ule. Namba yangu ilikuwa ndogo mara sita, na nilikosea kwa upande unaofanya hatari ionekane ndogo.

Kosa hilo hilo hujirudia kwa urefu wa fimbo. Kilowati 35 kwa mita ni za kilele tu, hazikai kuanzia chini hadi juu. Kata fimbo vipande, kila kimoja na nguvu yake, urudie yote hapo juu. Lahajedwali itakufanyia ukishajua unachokiandika. Kwa leo tuseme theluthi moja ya urefu iko kwenye kilele na kwingine hakutoki kitu.

Gesi ni kiasi gani? Megawati-siku moja ni mipasuko 2.7 × 10²¹, na kwa atomi 0.3 kwa kila mpasuko unapata karibu sentimita za ujazo 30 za gesi, ikipimwa kwa nyuzi sifuri na shinikizo la hewa la kawaida. Fimbo ina kilo 2 za oksidi, yaani kilo 1.77 za urani, mara 40 ni megawati-siku 71. Kwa hiyo gesi iliyozaliwa ni sentimita za ujazo 2,120. Zaidi ya lita mbili za gesi, ndani ya kitu chenye unene wa kidole cha mwisho! Theluthi yake ni 707, na asilimia 4.2 ya hiyo ni 30. Ukiendelea kukaa kwenye kilele saa 12 badala ya moja, pete za kidonge zinafika wastani wa asilimia 13, na gesi iliyotoka inakuwa 94.

Heli ya kiwandani, ikiwa ilijazwa kwa baa 20 kwenye nafasi ya sentimita za ujazo 20, ni kama 370 kwa kipimo hicho hicho. Baada ya saa moja shinikizo limepanda kwa asilimia 8. Baada ya saa 12, asilimia 25. Hilo ganda linaweza kulibeba. Lakini sasa moja ya tano ya gesi ndani ya fimbo ni zenoni na kriptoni, na upitishaji joto wa mchanganyiko umeshuka hadi karibu nusu. Rudi basi kwenye upenyo. Usiukate nusu moja kwa moja, maana kidonge kimevimba na kugusa ganda, na sehemu ya joto inapita kwa mguso; shusha kutoka 10,000 hadi 7,000. Katikati inapanda kama nyuzi 60, na pete ya ndani inakwenda asilimia 20 badala ya 16 kwa saa moja. Rudia mzunguko hadi namba zitulie. Kwa kawaida mizunguko mitatu inatosha. Zikikataa kutulia, usizilazimishe: huenda fimbo yenyewe ndivyo ingefanya.

Jibu hili litakuwa juu kuliko kipimo kwa saa za mwanzo, na sababu yake ni moja. Booth anaifikisha gesi mpakani mwa punje na kuihesabu kuwa imetoka. Kwa kweli inasubiri pale hadi viputo viungane. Halden na Risø, Denmaki, waliona jambo ambalo kila mgeni hulikataa akilisikia mara ya kwanza: mara nyingi shinikizo ndani ya fimbo huruka nguvu inaposhuka, si inapopanda. Kidonge kikipoa kinajikunja, mipaka ya punje inapasuka, na gesi iliyokuwa imesubiri inatoka kwa pamoja. Kwa hiyo ukichora grafu ya jaribio, usiikate kwenye kilele. Chora hadi mwisho wa kushuka.

Gesi si peke yake. Iodini na sesiamu husafiri kwa namna inayofanana, na iodini ndiyo inayotoboa. Kidonge kilichovimba kinalivuta ganda, iodini inaishambulia zirkoni pale pale inapovutwa, na ufa unaweza kupita unene wote kwa dakika chache tu. Kanada waliliona hilo mapema miaka ya 1970 kwenye vinu vya Douglas Point na Pickering, fimbo zilipohamishwa kutoka sehemu ya nguvu ndogo kwenda kubwa, na dawa yao ilikuwa kupaka utando wa grafiti ndani ya ganda. Kwa vinu vya maji yenye shinikizo dawa ya kawaida ni subira: baada ya kujaza fueli, nguvu hupandishwa kwa asilimia 3 hivi kwa saa katika sehemu ya juu, ganda lipate muda wa kulegea. Hesabu yako ya gesi haitakuambia kama ganda litapasuka. Itakuambia ni sehemu gani ya fimbo imepata moto wa kutosha kuachilia iodini, na hapo ndipo pa kuangalia.

Ukiwa kituoni, na fimbo moja tayari ina tundu, iodini hiyo utaikuta kwenye maji. Masharti ya kawaida ya vinu vya Marekani yanataka sampuli ichukuliwe kati ya saa 2 na saa 6 baada ya nguvu kubadilika kwa asilimia 15 au zaidi ndani ya saa moja. Usiichukue mapema ukafurahi kwamba maji ni safi. Iodini-131, yenye nusu maisha ya siku 8, hupanda kwa saa kadhaa kwanza, kwa sababu maji yanaingia ndani ya fimbo yenye tundu na kuisafisha. Andika saa ya sampuli karibu na namba. Nimepokea karatasi za vipimo zisizo na saa, na hakuna unaloweza kulifanya nazo.

Njia hii yote ni ya mipando ya dakika na saa. Mpigo wa milisekunde, kama ule uliofanyiwa majaribio kwenye kinu cha CABRI, Ufaransa, hauipi atomi muda wa kutangatanga. Gesi inayotoka pale ni ile iliyokwisha kuwa mpakani, ikitolewa kwa nguvu oksidi inapopasuka. Booth hasaidii huko.

Sasa fanya mwenyewe kwa kilowati 30 kwa mita, saa moja, upitishaji joto ule ule wa 2.1, upenyo 10,000, bila kurudia mzunguko. Uso uwe nyuzi 503 na katikati 1,640. Pete ya ndani itoe asilimia 6.2, ya pili 1.5, ya tatu 0.2, na wastani uwe 1.6. Mtoto wa kaka alipata namba ndogo mno mara ya kwanza akanitumia picha ya karatasi yake. Sikumjibu, nilizungushia tu kwa wino mwekundu ule mstari alipokuwa amesahau kuongeza 273.